Mnada wa vitu vya marehemu: pete ya Dracula ilipata mnunuzi, kanda za Nsyuka ziko wapi?

Msikilizaji, tangu tuzungumze kipindini kuhusu minada ya vitu vya kale, maswali kutoka Kisondela na kata za jirani hayajakoma. Wengi mmeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: inakuwaje mtu mwenye akili zake timamu anunue bango la sinema ya kutisha kwa fedha ya kujenga zahanati? Wengine mkauliza la pili, na ndilo lililotusukuma kuandika makala haya: vitu vya wazee wetu sisi vinakwenda wapi wao wakishafariki?

Tuanze na huko mbali, kisha turudi nyumbani.

Forrest J Ackerman alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1916. Alipokuwa na miaka 9 alinunua jarida la Amazing Stories, lililokuwa na hadithi za kubuni kuhusu sayansi: watu wanaosafiri kwenda mwezini, mashine zinazofikiri, viumbe kutoka sayari nyingine. Tangu hapo hakuacha kukusanya. Vitabu, majarida, mabango ya sinema, vinyago vya mazimwi, mavazi ya waigizaji, barua, picha. Nyumba yake ilikuwa na vyumba 18 na vyote vilijaa. Idadi inayotajwa ni vitu kama 300,000. Siku za Jumamosi aliwafungulia watu mlango wakaingia kutazama bila kulipa hata senti, naye mwenyewe ndiye aliyewatembeza na kuwaeleza kila kitu kilitoka wapi.

Kuanzia mwaka 1958 alikuwa mhariri wa jarida la filamu za kutisha, Famous Monsters of Filmland. Watoto wa Kimarekani walilisoma kwa kujificha kama ambavyo watoto wetu waliwahi kutoroka kwenda kwenye vibanda vya video. Mmoja wa watoto hao alikuwa Stephen King, ambaye leo ni mwandishi mkubwa wa hadithi za kutisha duniani. Akiwa kijana mdogo alimtumia Ackerman hadithi aliyoiandika. Ackerman hakuichapisha, lakini hakuitupa. Miaka mingi baadaye, King akiwa maarufu na anasaini vitabu vya wasomaji, Ackerman alijitokeza na karatasi ileile na kumwomba aisaini.

Tunaitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha kazi ya mkusanyaji ni nini hasa. Anatunza kitu wakati hakina thamani kwa mtu mwingine yeyote.

Katika vitu alivyovipenda sana Ackerman kulikuwa na pete na joho lililohusishwa na Bela Lugosi, yule mwigizaji aliyecheza Dracula katika filamu ya mwaka 1931. Kwa asiyemfahamu Dracula, ni bwana wa ngome anayetoka kaburini usiku kunyonya damu za watu. Mzee wa kwetu angesema huyo ni mumiani, na hangekuwa mbali. Enzi za ukoloni, kuanzia pwani hadi bara, watu wa Afrika Mashariki walisimuliana kwa hofu kuhusu mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Tofauti ni kwamba wenzetu hofu yao waliiandikia kitabu mwaka 1897, wakaitengenezea filamu, kisha wakahifadhi hata vazi la aliyeigiza. Lugosi mwenyewe alipofariki mwaka 1956 alizikwa amevaa joho la Dracula. Lililobaki kwa Ackerman lilikuwa jingine.

Sasa lije jambo lenyewe. Ackerman hakuwa na mtoto wa kumrithisha mzigo huo. Kwa miaka mingi alitafuta mji, chuo au makumbusho ya kuupokea wote kwa pamoja, ubaki chini ya paa moja. Hakufanikiwa. Uzee ukaja, ugonjwa ukaja, na gharama za kesi mahakamani zikaja. Mwaka 2002 ilimbidi kuuza sehemu kubwa ya vitu na kuhamia kwenye nyumba ndogo. Alifariki tarehe 4 Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 92. Miezi michache baadaye, mwaka 2009, kampuni ya mnada iitwayo Profiles in History ikauza vilivyobaki. Ile pete ikaenda kwa mtu wake, joho kwa mwingine, na nakala ya toleo la kwanza la kitabu cha Dracula, yenye sahihi ya mwandishi wake Bram Stoker, ikaenda kwa mwingine tena. Mkusanyiko uliojengwa kwa zaidi ya miaka 80 ulitawanyika.

Je, alidhulumiwa? Hapana. Mnada ulikuwa halali, na walionunua ni watu waliovipenda vitu hivyo. Pengine vingi vinatunzwa vizuri zaidi leo kuliko vilivyotunzwa ndani ya nyumba ya mzee aliyekuwa anaugua. Kilichopotea ni kule kukaa pamoja, na maelezo yake ya Jumamosi. Mtoto wa leo hawezi kuingia kwa Ackerman kutazama bure.

Kuhusu bei, tufafanue kwa kutumia mnada tunaoujua. Chai ya Rungwe, kama chai nyingine za Afrika Mashariki, kwa miaka mingi imekuwa ikifika kwenye mnada wa Mombasa. Mnunuzi wa chai huletewa sampuli kabla ya siku ya mnada. Anaionja, anatazama rangi na jani, kisha anaamua atafika bei gani. Kilo moja ya daraja fulani ni sawa na kilo nyingine ya daraja hilohilo. Akikosa hii, atanunua ile.

Mnada wa vitu vya kale haufanani na huo. Ukiichukua ile pete peke yake, ukaiweka kwenye meza ya sonara Mbeya mjini bila kusema neno, atakupa bei ya chuma chake. Kinachouzwa ni maelezo yaliyofungamana nayo: nani aliivaa, katika filamu gani, ilimfikiaje mkusanyaji, na kuna ushahidi gani wa maandishi au picha. Kampuni ya mnada hutengeneza kitabu chenye picha na historia ya kila kitu, ikaweka makadirio ya bei, kisha watu hupandishana mpaka nyundo igongwe. Kampuni hukata kamisheni yake, mara nyingi kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Ushahidi ukiwa dhaifu bei hushuka hata kama kitu ni halisi, kwa sababu mnunuzi hawezi kukitofautisha na cha kuigiza.

Na bei zinaweza kufika mbali. Novemba 2017, huko Dallas, Marekani, bango la karatasi la filamu ileile ya Dracula ya mwaka 1931 liliuzwa kwa dola 525,800. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 1. Ni karatasi, wakubwa. Ilichapishwa ibandikwe nje ya jumba la sinema kwa siku chache kisha itupwe. Mabango yaliyopona ni machache mno. Kwa hiyo hata kutupa kwa watu wengi ni sehemu ya bei.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi na Ackerman ni Joseph Murumbi wa Kenya. Hakukusanya mazimwi ya sinema, alikusanya Afrika. Alizaliwa mwaka 1911, baba Mgoa na mama Mmasai, akasoma India, akarudi kupigania uhuru, akawa Waziri wa Mambo ya Nje na mwaka 1966 Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu. Baada ya siasa alijitosa kwenye alichokipenda: vitabu vya kale kuhusu Afrika, stempu, vinyago, vitambaa, vito na silaha za asili. Mwaka 1972, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha nyumba ya sanaa Nairobi iliyoitwa African Heritage.

Murumbi aliliona tatizo la Ackerman mapema. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko, badala ya kuuachia utawanyike ng'ambo, kwa makubaliano kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuwahi kuwa. Murumbi alifariki mwaka 1990 bila kuiona. Lakini mkusanyiko upo. Maelfu ya vitabu vyake, stempu zake na kazi za sanaa vimo katika Nyaraka za Taifa za Kenya, lile jengo la zamani la benki katikati ya Nairobi, Moi Avenue. Sehemu nyingine imewekwa kwenye jumba la Nairobi Gallery, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Mwanafunzi anayepita Nairobi anaweza kuingia na kuviona.

Tukiwalinganisha wawili hao, hatuoni kwamba mmoja alishinda na mwingine akashindwa kabisa. Murumbi aliandikiana mkataba na serikali, na bado nusu ya ahadi ilianguka. Lakini ile nusu iliyosimama ilisimama kwa sababu aliamua akiwa hai, akiwa na nguvu za kufuatilia, na kulikuwa na orodha ya kilichokabidhiwa. Ackerman alisubiri apatikane wa kupokea vyote, na kusubiri huko ndiko kulikomfikisha kwenye nyundo ya dalali.

Turudi Rungwe. Mtasema hapa hakuna mkusanyaji wa namna hiyo. Sisi tunaona wapo, ila hatuwaiti hivyo. Ni babu mwenye sanduku la bati chini ya kitanda: kitambulisho cha kulipia kodi ya kichwa, picha za harusi ya kanisani, medali ya ndugu aliyepelekwa Burma na jeshi la KAR katika Vita vya Pili, barua kutoka migodi ya Afrika Kusini, na pengine redio ya mbao isiyolia tena. Siku ya msiba watu wanagawana mablanketi, panga na shamba. Lile sanduku linabaki, na miaka michache baadaye watoto wanachezea karatasi zake au mtu anawashia moto.

Vipo vitu ambavyo havitupwi, lakini huondoka kwa njia mbaya zaidi. Fedha za Wajerumani, kwa mfano. Katika eneo letu, Tukuyu yenyewe ikiwa na boma la Kijerumani, sarafu za rupie na hela za zama zile si jambo geni. Dunia ya wakusanyaji inazijua vizuri. Maarufu kuliko zote ni sarafu ya dhahabu ya rupie 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati Wajerumani wamekatiwa njia ya bahari. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na ziligongwa katika karakana ya reli, takriban 16,000. Hizo huuzwa minadani Ulaya na Marekani hadi leo.

Lakini sarafu ndogo za shaba na za fedha zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi bei yake ni ya kawaida tu. Kati ya ukweli huo na tamaa yetu ndipo matapeli wanapopita. Yule anayekwambia rupia yako ina nguvu ya ajabu, anavuta mpunga, anahitaji kwanza laki kadhaa za "kuipima" au za dawa, huyo hajawahi kununua sarafu yoyote. Mnunuzi wa kweli anataka kuona pande zote mbili, mwaka, na hali ya sarafu, na yeye ndiye anayetoa fedha. Hivyo hivyo kwa wanaochimba chini ya mawe makubwa wakitafuta mali ya Mjerumani. Kwa maoni yetu, hilo ni shimo la fedha zako mwenyewe.

Na kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo sasa ni Sura ya 333, inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, inalinda pia vifaa vya asili vya makabila na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kusafirisha vitu hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mgeni akifika kijijini na gari, akataka kununua kigoda cha mzee au mkuki wa chifu na kuondoka navyo siku hiyohiyo, una haki ya kumuuliza kibali chake. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kuna kisa kimoja cha Tanzania kinachotufundisha jinsi njia ya kurudi ilivyo ndefu. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na kuiba vitu kadhaa, kikiwemo kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Kilirudishwa rasmi kwa Tanzania mwezi Mei 2010. Miaka 26, na hicho kilikuwa kitu cha taifa, kilichojulikana kiliibwa wapi na lini. Kigoda cha babu yako kikishapita Tunduma hakuna atakayejua hata kwamba kiliwahi kuwa Kisondela.

Tumefika kwenye lile tulilolitaja kwenye kichwa cha habari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video za Kitanzania zilipoanza kushika kasi, mtengenezaji Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha iitwayo Nsyuka. Baadaye akatoa Shumileta. Waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka jinsi vibanda vilivyojaa, na jinsi watu walivyorudi nyumbani kwa makundi, hakuna aliyetaka kubaki nyuma njiani. Kwa msikilizaji wa Rungwe jina la filamu ile halikuhitaji kufasiriwa. Anayezungumza Kinyakyusa analisikia ndani yake neno letu la waliokufa na kufufuka, abasyuka, wale ambao wazee waliwazungumza kwa heshima na kwa tahadhari. Jina linalosikika kwetu lilipanda kwenye mabango ya filamu Dar es Salaam.

Sasa tafuta kanda halisi ya Nsyuka, yenye kasha lake na picha yake ya mbele. Tafuta bango lililobandikwa kwenye mlango wa kibanda. Filamu zile zilitoka kwenye mikanda ya VHS na baadaye diski, deki zikaharibika, mikanda ikaota ukungu, na hali yetu hii ya mvua karibu mwaka mzima si rafiki wa mkanda wala karatasi. Wenye vibanda walipofunga biashara waliuza televisheni, kanda wakazitupa. Vipande vinavyozunguka kwenye simu vimenakiliwa mara nyingi hadi sura za waigizaji hazionekani.

Jirani zetu Uganda nusura wapoteze filamu yao maarufu kuliko zote kwa njia hiyohiyo. Isaac Nabwana, anayetengeneza filamu za mapigano katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Kompyuta yake haikuwa na nafasi, akafuta filamu ya awali ili atengeneze nyingine. Iliyobaki ni ile iliyokuwa imeshachomwa kwenye diski. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni ya watu duniani, na chanzo chake ni nakala.

Hatusemi kila mtu ageuze nyumba yake kuwa makumbusho. Nyumba ni ya kuishi. Lakini zipo hatua za gharama ndogo, na simu uliyoshika inatosha kuanzia. Piga picha kitu, mbele na nyuma. Halafu, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, mrekodi mwenye kitu akieleza kwa sauti yake: kilitoka kwa nani, kilifikaje hapa, kilitumika kwa kazi gani. Dakika 5 zinatosha. Mwanangu au mjukuu anaweza kumtumia shangazi yake aliye Dar rekodi hiyo, ili isikae kwenye simu moja tu ambayo kesho itaanguka mtoni. Sauti ile ndiyo iliyokuwa Ackerman siku za Jumamosi. Ikiondoka, pete inabaki chuma.

Kwa upande wa mirathi, vitu vya namna hii vinaweza kuandikwa kwenye wosia kama shamba linavyoandikwa, na wosia unaweza kutunzwa RITA. Pasipo wosia, msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama anatakiwa kuorodhesha mali za marehemu. Mara nyingi orodha hizo zina ng'ombe, migomba na mabati, hazina lile sanduku. Mwanaukoo anayejua kilichomo na asemwe jina lake kwenye kikao, apewe kulitunza mbele ya wote. Likitokea suala la kuuza, basi ukoo mzima uwe unajua kinachouzwa, kwa nani, na fedha imegawanywaje. Tumesikia magomvi ya kutosha yaliyoanza na redio ya marehemu.

Kuhusu Nsyuka, bado tunaitafuta. Kama uliwahi kuendesha kibanda cha video Tukuyu, Kiwira, Ushirika au popote katika wilaya, na una kanda au bango lake darini, tupigie wakati wa kipindi kupitia namba ileile mnayoijua. Hatununui. Tunataka kuipiga picha, na tukusikie ukieleza usiku wa kwanza ulipoionyesha kibandani kwako ilikuwaje.